Swali Alilolipita Torquil

Siku tano Dolina aliyalinda masikio yake kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Jumamosi alipokwenda dukani kununua unga, alilipa, akashukuru, akatoka kabla mwenye duka hajapata nafasi ya kumuuliza habari. Kanisani aliingia zaburi ya kwanza ikianzishwa, na baraka ilipotolewa tu alikuwa tayari mlangoni. Kijiji kizima hakuna aliyejua anakimbia nini, isipokuwa wifi yake Peigi, maana Peigi ndiye aliyekuwa na deki ya kurekodia runinga.

Sasa ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Msimu wa Meza ya Bwana ulikuwa umekwisha, wachungaji wageni wamerudi kwao, na upepo wa Ness, ile ncha ya kaskazini ya kisiwa, ulikuwa ukigonga madirisha kama kawaida yake. Kanda ilikuwa mezani kwa Peigi, kati ya birika la chai na sahani ya mikate ya shayiri.

"Iache kwanza," Dolina alisema. "Nimalize chai."

"Umeshamaliza vikombe viwili, wifi."

"Basi nimalize cha tatu."

Peigi alimwangalia, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa dada wa marehemu Norman, mume wa Dolina. Mwanamke mnene, mwenye sauti, ambaye hakuwahi kuolewa na hakuwahi kulijutia jambo hilo mbele ya watu. Walikuwa wamefahamiana tangu wakiwa wasichana wa miaka kumi na tisa, kabla hawajawa mawifi, na hapakuwa na siri ya Dolina ambayo Peigi hakuijua.

Shida ilianza hivi. Kile kipindi cha chemshabongo, Dakika Mbili, ambacho watu wa kisiwa kizima walikipenda, kilirushwa Alhamisi jioni. Na Alhamisi hiyo ilikuwa Siku ya Kufunga, ile inayofungua msimu wa Meza ya Bwana. Siku hiyo Ness haifui hata soksi. Redio hainong'oni, runinga inafunikwa kitambaa, watu wanakwenda kanisani mara mbili na kurudi wakitembea polepole. Ndiyo Alhamisi ambayo wakubwa wa runinga kule London, wasiojua lolote kuhusu Ness, waliichagua kumwonyesha Torquil Macritchie, mwanamume aliyewahi kumposa Dolina ujanani, katika mchujo wa kwanza.

Jumatano jioni Peigi aliitega deki ijirekodie yenyewe.

"Mashine haina roho," alisema, "kwa hiyo haiwezi kutenda dhambi."

"Na aliyeitega?"

"Aliyeitega aliitega Jumatano."

Dolina alikuwa mcha Mungu, na hoja za Peigi zilimpa mashaka, lakini usiku ule aliomba, akaona moyoni kwamba akisubiri mpaka msimu umalizike, na asimuulize mtu, na asimsikilize mtu, atakuwa hajavunja kitu. Akasubiri.

Kilichokuwa kigumu ni kwamba Torquil mwenyewe alikuwa amerudi. Baada ya miaka thelathini na sita, alishuka melini Jumatano na koti lake la kijivu, akapanga chumba kwa binamu yake, na Alhamisi jioni, saa ile ile uso wake ulipokuwa ukionekana nchi nzima, yeye alikuwa ameketi benchi la nyuma kanisani, anaimba zaburi. Alishajua matokeo, kwa kuwa kipindi kilirekodiwa miezi mitatu nyuma na washindani waliwekewa sharti la kutosema. Kijijini nako kila mtu alitamani kumuuliza, na hakuna aliyethubutu, maana kuuliza kungekuwa kukiri.

Jumatatu, baada ya ibada ya shukrani, alimngoja Dolina kando ya ukuta wa kanisa. Nywele zilikuwa zimemwisha mbele, lakini macho yalikuwa yale yale, ya buluu, yanayokutazama kana kwamba una jambo la maana unakaribia kulisema.

"Dolina," alimwambia, "nimekuwa mgane miaka sita, wewe mjane mitatu. Sina mtoto. Nina pensheni na nyumba ndogo Glasgow ambayo sina haja nayo. Nimekuja kukuomba unioe."

"Wanaume ndio wanaooa, Torquil."

"Mimi nilijaribu. Haikufaa."

Dolina alitaka kucheka, akashindwa. "Unataka jibu lini?"

"Meli yangu ni Jumatano alfajiri. Ukisema hapana nitaondoka nayo, sitakusumbua tena maishani. Ila usinijibu leo. Tazama ile kanda kwanza. Nisingependa ukubali kabla hujaona nilivyojiaibisha."

Ndiyo maana Dolina alikuwa akinywa kikombe cha tatu.

"Haya," alisema hatimaye. "Iweke."

Peigi aliisukuma kanda ndani ya deki. Runinga ilitoa chenga, kisha ukaja muziki, kisha meza ndefu yenye taa na watu wanne nyuma yake. Muulizaji alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani. Kulikuwa na karani wa benki, kulikuwa na muuza maua, kulikuwa na mama mmoja wa maktaba aitwaye Bi Ollerenshaw, aliyevaa sweta ya kijani na kukaa wima kama msumari. Mwisho wa meza alikuwa Torquil.

Dolina aliweka kikombe chini.

"Ona tai," Peigi alisema. "Nani amemchagulia tai ile?"

"Hana mtu wa kumchagulia."

"Ndiyo naona."

Utaratibu ulikuwa rahisi, hata mtoto angeufuata. Kila mshindani anapewa dakika mbili za maswali juu ya jambo alilolichagua mwenyewe, kisha dakika mbili za maswali ya kila kitu. Asiyejua anaweza kusema "napita" na kuletewa swali jingine, lakini mapito yanaandikwa. Watu wawili wakilingana alama, aliyepita mara chache ndiye anayesonga mbele.

Karani wa benki alianza na kupata tisa. Muuza maua alipata kumi na moja. Bi Ollerenshaw alikuwa amechagua nyuki.

"Nyuki," Peigi alisema. "Mwanamke mzima."

Lakini mwanamke yule alikuwa hatari. Hakupita hata mara moja. Alilolijua alilijibu kabla muulizaji hajavuta pumzi, na asilolijua alitupa jibu lolote, akakosea bila kupepesa, akaendelea. Alama kumi na tano.

"Huyu angefaa kuuza samaki mnadani," Peigi alisema, na kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Kisha muulizaji akageuka. "Bwana Torquil Macritchie, fundi mapipa mstaafu. Umechagua biashara ya samaki wa heringi na watu wake."

Dolina hakuwa ameambiwa. Katika mambo yote ya dunia, nyota na wafalme na vita, mtu huyu alikuwa amechagua samaki. Yale mapipa, zile gati, ule msimu wa mwaka hamsini na moja kule Yarmouth, bandari ya mbali kusini, ambako yeye na Peigi na msichana mwingine walikuwa kundi la watu watatu, wawili wa kutumbua na mmoja wa kupanga. Dolina alikuwa mpangaji, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu na ilifika chini ya pipa.

Maswali yalianza, na Torquil aliyajibu kwa sauti yake ya taratibu. Pipa moja huingia samaki wangapi. Mbao za pipa hutoka mti gani. Makundi ya wasichana yalilala watu wangapi chumba kimoja.

"Sita, na panya," Peigi alisema.

"Sita," alisema Torquil runingani.

Mlango wa nyuma ulifunguka, upepo ukaingia, na nyuma ya upepo akaingia Calum, mtoto wa pekee wa Dolina, amebeba gunia la viazi vya shangazi yake. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke aitwaye Seonag, mabega ya baba yake na kidevu cha babu yake. Aliona runinga, akaliweka gunia chini kwa kishindo.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Seonag ameambiwa na jirani. Huyo mtu wa runinga alisimama na wewe kwenye ukuta wa kanisa, mbele ya watu."

"Watu walikuwepo, ndiyo," Dolina alisema. "Kaa, mwanangu. Chai ipo."

"Sitaki chai. Anataka nini yule mzee?"

"Anataka kunioa."

Calum alimtazama shangazi yake kana kwamba atamsaidia. Peigi alikuwa akitazama runinga.

"Na shangazi umekaa hapo tu? Norman si kaka yako?"

"Norman ni kaka yangu, Mungu amlaze pema. Alikuwa mume mwema na alikufa akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Unataka nifanye nini, nimzike na huyu?"

"Miaka mitatu tu, shangazi."

"Mimi nimeihesabu usiku kwa usiku," Dolina alisema kwa upole. "Huna haja ya kunitajia."

Calum alivuta pumzi. Alimpenda sana baba yake; Dolina alilijua hilo, na hakumwekea kinyongo. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Mama, mimi sisemi hufai kuwa na mtu. Nasema huyu. Babu alimkataa. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo, alimkataa kwa sababu alimdharau Bwana, alipanda treni siku ya Sabato. Kila mtu anajua. Na sasa anarudi kujitafutia nyumba ya kuzeekea. Mtu gani? Hebu mwone. Anaulizwa kitu ambacho hata paka wa Ness anakijua, anashika ile tai yake kama anataka kujinyonga, halafu anapita."

Peigi alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Torquil aliganda runingani, mdomo wazi nusu. Swali lenyewe lilikuwa bado halijafika.

"Calum," Dolina alisema. "Tumbo lako likoje?"

"Tumbo?"

"Alhamisi jioni. Ulimwambia Seonag tumbo linakusokota, ukabaki kitandani, yeye akawapeleka watoto kanisani peke yake. Nilikuletea supu."

Uso wa Calum ulibadilika rangi kuanzia masikioni. "Nimesimuliwa kazini."

"Kuishika tai pia umesimuliwa?"

"Mama."

"Ulitundika blanketi dirishani," Peigi alisema. "Nililiona kutoka barabarani. Nikasema, maskini, hata mwanga unamuumiza."

Dolina hakucheka, ingawa Peigi alikuwa ameuma midomo. Alimwonea mwanawe huruma. Alimwona kama alivyokuwa na miaka sita, amesimama na asali kidevuni akiapa kwamba hakufungua kabati.

"Kaa," alimwambia tena. "Yako utaizungumza na Mungu, si na mimi. Mimi nataka kuona."

Calum akakaa. Kitufe kikabonyezwa.

"Wasichana wa heringi," muulizaji alisema, "walivifunga vidole vyao kwa kitu gani, kuvikinga na kisu na chumvi?"

"Vitambaa vya mifuko ya unga," Peigi aliiambia runinga. "Sema, Torquil."

Torquil hakusema. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye tai, ukatulia pale. Alikuwa akimtazama muulizaji, lakini Dolina, ambaye alikuwa amesogea mbele ya kiti bila kujijua, aliona kwamba hamwoni. Sekunde zilikwenda. Saa ndogo pembeni ya kioo ilikula nne, tano, sita, saba.

"Napita," alisema Torquil.

Calum alikuwa akiangalia viatu vyake.

Dolina alikuwa Yarmouth. Saa kumi na moja alfajiri, giza, baridi inayokata, wasichana wamepanga mstari nje ya banda wakijifunga vitambaa. Mkono wa kushoto mtu hujifunga mwenyewe. Wa kulia ndio kazi. Peigi aliukaza uzi kwa meno, wengine walisaidiana. Yeye alikuwa akichelewa makusudi. Akichelewa, kijana fulani wa mapipa aliweka nyundo yake chini, akaja, akaushika mkono wake wa kulia, akakizungushia kila kidole kitambaa, kimoja kimoja, bila kusema lolote, na alipomaliza cha tano alikuwa akikihesabu tena kama aliyesahau. Wiki saba. Hawakuwahi kubusiana. Katika ndoa yake yote yenye heri, hakuna aliyemshika mkono hivyo, na alikuwa amemshukuru Mungu kwa Norman kila siku hata hivyo.

"Alijua," alisema.

"Bila shaka alijua," Peigi alisema, sauti imeshuka. "Nani angejua kama si yeye."

Torquil alimaliza na alama kumi na nne, pito moja.

Duru ya pili Peigi alisimama. Karani na muuza maua walijikokota nyuma, hapakuwa na haja ya kuwaangalia. Torquil aliingia akiwa nyuma ya Bi Ollerenshaw kwa alama moja, na safari hii alijibu kama mtu aliyekasirika na nafsi yake: mto wa Misri, mwezi wa Jupita, mfalme aliyekatwa kichwa, chumvi hutengenezwa na nini. Kumi na tatu. Jumla ishirini na saba. Hata Calum alikuwa ameinua kichwa.

"Yule wa nyuki anahitaji kumi na mbili amfikie," Peigi alisema. "Hapati. Amechoka. Tazama shingo."

Bi Ollerenshaw hakuwa amechoka. Alifika kumi na moja na sekunde ishirini mkononi. Akakosa moja, akakosa la pili, akitupa majibu ya ajabu kwa uso ule ule mkavu. La tatu akalipata. Kumi na mbili. Muulizaji alianza swali jingine, na kengele ikalia katikati ya maneno yake.

"Ishirini na saba kwa ishirini na saba," alisema bwana wa miwani. "Bwana Macritchie ana pito moja. Bi Ollerenshaw hana. Bi Ollerenshaw anakwenda nusu fainali."

Torquil alisimama, akampa mama yule mkono, akamwinamia kidogo. Kisha muziki, kisha chenga.

Peigi akazima. "Nusu fainali, kwa kitambaa cha mfuko wa unga," alisema, akaketi kama gunia.

Hapo hodi ilibishwa mlangoni.

Walitazamana. Ness hakuna anayebisha hodi. Mtu anafungua na kuita. "Ni mchungaji au mgeni," Peigi alisema, akaenda. Alikuwa Torquil, na kofia yake mkononi.

"Ulikuwa unabisha hodi ya nini?" Peigi alimuuliza. "Umekuwa bwana wa Glasgow?"

"Nimeogopa," Torquil alisema, akaingia. Alimwona Calum, akampa salamu ya kichwa. Calum aliinuka nusu, akakaa. "Umeona?" Torquil alimuuliza Dolina.

"Nimeona. Kwa nini ulipita?"

Aliizungusha kofia. "Sikukusudia. Nisikudanganye kwamba nilifanya kishujaa. Neno lilikuwa mdomoni. Nikafungua mdomo, na badala ya neno nikasikia harufu ya maji ya chumvi. Nikaona mkono. Nilipogutuka yule bwana alikuwa ananitazama na saa inakwenda, na nikawa siwezi kulitaja pale mezani kana kwamba ni jambo la kupatia alama. Ndiyo hivyo. Kisiwa kizima kitanicheka, siku kitakapopata ujasiri wa kukiri kwamba kilitazama."

Calum alikohoa.

Dolina alikunja mikono mapajani. Alijua kwamba kabla ya kumjibu Torquil kulikuwa na deni jingine, la kale, na kwamba lilikuwa lake.

"Calum," alisema, "umesema babu yako alimkataa kwa sababu ya treni. Sikiliza sasa habari za treni. Shangazi yako anisahihishe."

"Wifi, si lazima."

"Ni lazima. Novemba ile mkono wangu uliingia chumvi kwenye jeraha, ukavimba mpaka kwapani. Walinipeleka hospitali ya mjini, maili ishirini. Jumamosi usiku daktari akasema huenda wakaukata. Habari ikafika gatini. Jumapili asubuhi hapakuwa na gari la samaki, hapakuwa na lori, kulikuwa na treni. Huyu akaipanda. Alikaa kando ya kitanda changu toka saa nne mpaka jioni akinisomea zaburi, na Jumatatu uvimbe ukaanza kushuka. Ndiyo Sabato aliyoivunja."

Calum alimtazama Torquil.

"Tuliporudi, alileta mshenga nyumbani kwetu kama ilivyo desturi. Mshenga akazungumza vizuri, akaomba kondoo jike wa kuongezea zizi, yaani mimi, watu wakacheka. Babu yako hakucheka. Alisema, kijana huyu ameonekana kwenye treni siku ya Bwana, nimsikie akieleza. Torquil akanitazama. Hakujieleza, maana kueleza kungekuwa kuwaambia wote kwamba alikaa siku nzima chumbani na msichana wa watu. Aliniachia mimi. Neno langu moja tu, kwamba ilikuwa kazi ya huruma, na kazi ya huruma Bwana mwenyewe ameiruhusu. Baba yangu angenyamaza hapo hapo. Alikuwa mtu wa haki. Akanigeukia, akaniuliza, wewe una la kusema? Sikusema. Niliona haya. Nilitazama sakafu mpaka wageni wakaondoka."

"Na mimi nilikuwa mlangoni," Peigi alisema, "nimeshika sinia. Sikusema pia."

"Wewe hukuulizwa."

Torquil alikuwa amekaa sasa, kiti cha karibu na moto. "Ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema.

"Na wewe ishirini na mbili, ukaondoka na jina la mvunja Sabato, ukaishi nalo miaka thelathini na sita, hukumwambia mtu. Hata wajukuu wa baba yangu wanalijua jina hilo. Mwanangu amekutupia hilo hivi punde, na mimi ndiye niliyemfundisha kwa kunyamaza." Alimgeukia mwanawe. "Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mtu kwa Sabato ile, Calum, nilaumu mimi."

Udongo wa kinamasi, ambao huko huchomwa badala ya kuni, uliporomoka kidogo motoni. Calum alijipangusa uso kwa viganja viwili, kama mtu aliyetoka kunawa.

"Baba alijua?" aliuliza.

"Nilimwambia kabla ya ndoa. Alisema angekuwa yeye angepanda treni hiyo hiyo, ila angechelewa."

Kicheko kikamtoka Calum bila ruhusa, kifupi, chenye machozi ndani yake. Ilikuwa kweli; Norman hakuwahi kuwahi mahali popote maisha yake yote. Calum akaangalia kofia ya mgeni, akaangalia mama yake.

"Meli ni kesho alfajiri," alisema. "Nikifika nyumbani Seonag ataniuliza. Nimwambie nini?"

Torquil hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya ukingo wa kofia, na Dolina aliona jinsi alivyokuwa haitegemei dunia impe chochote. Hapo hakuhitaji kujishauri.

"Mwambie Jumapili asogee," Dolina alisema. "Benchi letu litakuwa na mtu mmoja zaidi."

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Huko kwao mwanamke hamketishi mwanamume benchi la familia kwa bahati mbaya. Akishakaa pale, zaburi ya kwanza haijaisha kijiji kimeshaanza kuoka keki.

Torquil alifumba macho. Midomo yake ilitikisika, na Dolina, aliyeijua sala anapoiona, alimwachia aimalize.

"Atakaa wapi?" Calum aliuliza. "Mwishoni, pale pa baba?"

"Hapana. Pale pa baba yako utakaa wewe. Pamekaa patupu miaka mitatu tukikungoja." Alinyoosha mkono, akamgusa mwanawe shavu, kisha akauacha mkono uende upande wa pili, wazi, mbele ya wote wawili, hadi Torquil alipoupokea. "Huyu atakaa kando yangu."

Calum aliuangalia ule mkono kitambo. Akasimama, akafunga koti lake.

"Basi nitamwambia," alisema. "Asogee."